Naichaji, Namchaji

Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Kariobangi:
mabati sita, mlango mmoja,
na waya mweusi unaopenya tundu la panya.
Ubaoni nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe:
TUNACHAJI SIMU. CHAJI SH. 20.

Mwalimu Simiyu, akileta kabambe yake,
husimama pale kama anayesahihisha insha.
"Obiero, neno la kukopa
umelipa zamu mbili kwa mstari mmoja!"
Nami humjibu: mwalimu,
hapa Kariobangi nani ana kazi moja?

Anasema kwa Mwingereza neno hilo halibadili nguo,
nomino asubuhi, kitenzi jioni,
koti ni lile lile.
Kwetu likitaka kutenda
halitoki nje bila kiambishi kichwani.
Sikujua kwamba najua.
Lakini sikiliza wateja wangu, wengine hawakumaliza la nane:
Nichajie hadi saa sita.
Hii betri haichajiki, imezeeka kuniliko.
Ulichajia wapi jana, mbona imekata mapema?
Na Njambi wa omena, akipita na beseni:
Siku hizi watu hawapendani, wanachajiana tu.

Alhamisi huja Mueni.
Hufungua fundo la leso polepole,
ndani mna simu ya kaka yake, Kilonzo,
kioo kina ufa kutoka pembe hadi pembe.
Naibandika plasta: 17.
Ile mara ya kwanza niliuliza mwenyewe yuko wapi.
"Amechajiwa," akasema.
Nikacheka. Nikamwambia dada, kinachochajiwa ni simu.
Yeye hakucheka.
"Makadara. Wanasema aliiba nyaya za stima.
Dhamana elfu hamsini."

Nilitazama waya wangu mweusi.
Nilitazama sakafu.

Usiku nililala na irabu mbili.
Imechajiwa: saa tatu, shilingi ishirini,
taa ya kijani, chukua simu yako nenda.
Amechajiwa: mwezi wa saba huu,
kesi inatajwa, inaahirishwa, faili haionekani,
na hakuna taa ya rangi yoyote.
I na a.
Mwalimu angesema ni ngeli tu,
kitu huku, mtu kule.
Ngeli tu.

"Basi unaichaji ya nini," nilimuuliza wiki nyingine,
"na mwenyewe hayuko?"
"Akitoka asiikute imekufa," akasema,
akafunga leso ikiwa tupu, fundo lile lile.

Mara moja ililia.
Simu ishirini na tatu rafuni, zote kimya,
kumi na saba ikatetemeka hadi ukingoni.
Fundi Kayole, iliandika.
Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Ningesema nini,
hayupo, amefanywa kitenzi?
Ikanyamaza yenyewe.
Nilipomweleza Mueni alitaka kujua ililia mara ngapi,
kana kwamba hesabu hiyo ingesaidia.

Alhamisi iliyopita tokeni ziliisha saa nne,
nikanunua za mia mbili kwa pesa ya unga
ili kumi na saba ijae.
Alipokuja akaanza kuhesabu sarafu, tano, tano, kumi.
Nikamwambia: weka.
"Kwani hukuchaji?"
Nimechaji. Ila sikuchaji.
Akanikazia macho, akitafuta kosa langu la sarufi.
Kisha nami nikajisikia, nikaona aibu,
nikajifanya natafuta plasta.

Aliondoka. Nilipogeuka
aliacha kumi pembeni mwa rafu,
pale simu ilipokuwa imelala.

Daftari langu lina safu moja,
juu yake nimeandika CHAJI, nikapiga mstari kwa rula.
Ile kumi bado iko rafuni.
Sijaiandika.