Herufi ya Ngozi

Kwenye daftari la vielelezo, mahakama ya Sikonge,
niliandika kwa kalamu inayokohoa wino:
"Nyama, kilo sita na nusu, imekaushwa kwa moshi.
Sufuria moja. Kisu. Baiskeli isiyo na breki."
Hakimu akainamia ukurasa: "Nyama ya nini?"
Lugeleka mwana wa Ndaki akajibu kizimbani:
"Ya mnyama, mheshimiwa."
Watu wakacheka.

Mimi nilikuwa naitazama ile em.
Herufi moja, imekaa mbele kama mlinzi wa geti.
Ikiwapo, kuna masikio yanayogeuka,
kuna palahala amesimama kwenye miyombo alfajiri
akisikiliza kitu ambacho wewe hujakisikia.
Ikichunwa, kuna kilo.

Nadhani em ndiyo ngozi.

Baba mdogo Kasheku, mrina asali wa kule Ugalla,
alinifunza neno hilohilo kwa kunong'ona.
Usiku, kambini, moto umebaki kaa mbili,
kitu kikakoroma ng'ambo ya mto.
Nikafungua mdomo nimtaje,
akanifinya paja: "Sema mnyama."
Pongo ana jina, ngiri ana jina, hata fisi analo;
yule mmoja ndiye mnyama, basi,
kama nyumbani mnavyosema "mzee"
na kila mtu anajua ni yupi.
Kulipokucha tukakuta nyayo chini ya mzinga.
Kasheku alizipitia pembeni,
kama mtu anayekwepa miguu ya mgeni aliyelala.

Na jirani yangu Bi Kalunde humrushia mumewe
akirudi mnadani bila hela ya tumbaku:
"Mnyama wewe!"
Jioni humpakulia ugali, na uyoga juu yake.

Saa nane hukumu ikasomwa. "Unyama," alisema hakimu,
"unyama uliokithiri." Nikaandika kama ilivyosemwa,
ila mkono ulisita kidogo:
miaka kumi na moja nalishika daftari hili,
na kila aliyeshtakiwa kwa unyama
ana majina mawili, kijiji, na kidole gumba cha kutia sahihi.

Walipompitisha dirishani kwangu akauliza
ile nyama inakwenda wapi.
"Itateketezwa."
Akatazama pingu.
"Alikuwa pongo," akasema. "Jike."

Nikarudi kwenye ukurasa. Nafasi ilikuwa finyu.
Nikabana pembezoni, kwa wino uleule unaokohoa:
pongo, jike.