Hati ya Kurudisha Vifaa

Walinisomea orodha, nikatia sahihi kila mstari:
buti jozi mbili, moja imekwisha kisigino;
mkanda; chandarua; kikombe cha bati;
koti la mvua lenye kiraka cha mkono wangu.
Mtunza stoo akagonga muhuri. “Huna deni, Sajini Faki.”
Nikabaki pale dirishani
kama mtu anayengoja chenji.
Miaka thelathini na miwili nyuma
niliwakabidhi na ulimi.
Haumo katika vilivyotolewa,
haumo katika vilivyorudishwa.

Si kwamba waliukata. La.
Siku ya kura nilipanga foleni kama raia,
kidole kikachovywa wino,
na wino ule ndio maneno yote niliyokuwa nayo.
Nikarudi lindoni nimekikunjia ndani ya ngumi,
mtu asije akakiuliza kimesema nini.

Mwaka mmoja nikapangiwa skuli ya Mtambwe,
kwetu.
Aliyepanga hakujua, au alijua sana.
Mama akaja na jua la saa mbili,
Bi Time wa Shaame, macho yameingia ukungu,
buibui la sikukuu linanuka udi wa kabatini.
Herufi hakuzijua hata alipokuwa akiziona.
Karani akamwambia, “Bibi, chagua mtu akusaidie.”
Mimi niko kwenye kamba, bunduki begani,
naangalia juu ya vichwa,
kwenye bati, shomoro anajenga.
Mama alisimama hatua tatu kutoka kwangu.
Pumzi ya mwana haimpotei mama.
Akanyoosha mkono upande wa pili:
“Nipeni yule mtoto wa Bikombo.”
Na sisi na kina Bikombo
miaka ile hatukuwa tukizikana!
Wakaingia wameshikana mikono, wakatoka.
Akanipita kama nguzo ya skuli.

Mwezi mzima chakula hakikunipita.
Nilidhani kanikana.
Amekufa sijamuuliza.

Sasa barza zote mbili zina nafasi yangu.
Zamani nikitokea tu kwenye kona
siasa iligeuka bei ya pweza.
Siku hizi wananisogezea jamvi,
wananikamulia kahawa ya mwisho wa birika,
kisha wananitazama mdomoni
kama wanaosubiri redio ishike.

Juzi kaja Mgau na mfuko wa nailoni,
ndani fulana, bado ina mikunjo ya kiwandani.
“Afande, vaa hii, na nishani zako juu yake.
Watu wakiziona wataamini.”
Nikamwambia zile nilivishwa na nchi,
na nchi haina saizi ya fulana.
Lakini mdomo ni wangu, nitakuja nao.
“Bila nishani wewe mzee tu wa Mtambwe.”
“Basi ndiye huyo anayekuja.”

Nikenda na shati langu la Ijumaa.
Nikasema habari ya bomba la bondeni,
mwaka wa sita linatoa upepo,
nikamtaja aliyeahidi, jina lake na la babake.
Sauti ilitoka na kutu, ikakwama mara mbili.
Wapo waliopiga makofi.
Mmoja, nyuma kule, akanizomea.
Kuzomewa! Mimi!
Nusura niteremke nimpe mkono.

Narudi, kwenye ukingo wa uwanja
kasimama kijana wa magwanda,
macho juu ya vichwa, pahala pasipo mtu.
Napajua pale. Nimepaishi.
Na masikio yale hayafichiki kwa kofia:
ni wa ukoo wa Bikombo, mjukuu.
Wenziwe wa utotoni wanamwita jina la utani,
wanacheka, wanamwuliza naye yuko upande gani,
hageuki, ila koo linapanda na kushuka.

Nilifika hatua tatu kutoka kwake.
Nikaisikia pumzi yake, inangoja.
Hapo ndipo nilipomfahamu mama.

Nikampita
kama nguzo ya skuli.