Za Mjukuu?

Muuza mitumba wa Toi hakuwa na nia mbaya.
Alikuwa na rundo la nguo za watoto
linalonukia sabuni ya nchi nyingine,
akaniinulia kaptula ndogo kama kiganja, akauliza:
"Za mjukuu, mama?"

Nami nikasema, "Ndiyo."

Hivyo tu. Nikalipa mia na hamsini, nikakunja mfuko,
nikapita kwenye tope la Julai kwa haraka
kama mtu aliyeiba.
Hujazaliwa, nami nimeshakukana.

Unielewe: mimi ni mtu wa mafaili.
Miaka ishirini na miwili katika ofisi ya pensheni,
meza iliyo karibu na dirisha lisilofungika,
nahesabu umri wa watu kwa penseli nyekundu.
Kwa hiyo wako niliuhesabu usiku uleule
nyuma ya bili ya stima:
wewe darasa la kwanza, mimi hamsini na mmoja;
wewe kumi na mitano, mimi nakabidhi funguo za kabati;
wewe arobaini na mitano,
hapo penseli nikaiweka chini.

Mwakio hakuhesabu. Alicheka,
kisha akaenda bafuni akafungulia maji.
Ilikuwa siku ya mgao, bomba likakohoa hewa tupu,
nikajua analia.
Goti lake nalo hulia akipanda ngazi;
nalisikia tangu ghorofa ya pili, najua niinjike chai lini.
Ni nyumba ya sauti ndogondogo, hii yetu.
Tuliizoea. Nisikufiche: tuliipenda.
Chumba cha tatu tulikipa cherehani na magazeti yake,
Jumapili tulilala hadi jua likafika kwenye pazia
na hakuna aliyetuita.

Lakini chumba kile hakikuanza na cherehani.
Kabla yako walikuwako wawili
waliofika mlangoni wakageuka.
Mama yangu, Mkawasi, aliacha kuuliza nilipofikisha arobaini;
akawa anakuja kutoka Wundanyi na ndizi, na viazi, na kimya.
Blanketi alilofuma nilimpa dada yangu.
Alipokufa nikajiambia: sasa hakuna anayesubiri.
Nikapumzika. Ndiyo, nilipumzika,
kama mtu anayetua debe la maji
asijali limemwagika au la.

Ukaja wewe.
Nilidhani ni hedhi inaniaga,
nikanunua feni ya mezani, katika baridi hii!
Kliniki, nesi kijana alichungulia nyuma yangu:
"Binti mwenyewe yuko wapi?"
Wanawake wa kwenye benchi wakasogea nikae,
kwa heshima ile inayouma.
Wifi yangu akasema kawia ufike.
Sawa, nimefika. Nimefika nikihema,
na safari ndiyo kwanza inaanza.

Siku nyingine nafurahi hadi naona aibu.
Siku nyingine nakukasirikia, kama mgeni
aliyebisha hodi taa zimeshazimwa,
na mwenye nyumba anapapasa kanga gizani
huku akisema karibu, karibu, ngoja kidogo.

Jumamosi nilirudi Toi.
Nilimkuta anakunja turubai, manyunyu yameanza.
"Zile nguo," nikasema. "Si za mjukuu."
Hakunikumbuka.
Ikanibidi nieleze: kaptula, juma lililopita,
nikafungua koti aone.
Akatazama tumbo, akatazama mvi,
akachakura kwenye rundo, akanirushia soksi mbili,
moja ya njano, moja ya buluu.
"Nyongeza. Atakuwa na mbio huyo. Utamweza?"

"Sijui," nikamjibu,
na hilo ndilo neno la kwanza la kweli
nililolisema juu yako mbele ya watu.
Nikazitia soksi mfukoni mwa koti.
Njia nzima hadi nyumbani, mkono wangu ulikuwa humo.