Kulukulu, Grimsby

Saa moja asubuhi, zamu ya usiku inakata roho,
kengele ya chumba namba tisa ikalia.
Si choo, si dawa. Bi Winifred amesimama
kwa miguu yake mwenyewe, darubini usoni:
"Wewe wa huko. Huyu nani?"

Juu ya mtufaa uliokwisha kupukutika
kijani kibichi, kijani ambacho Novemba ya hapa haina,
jicho limezungushiwa wanja mwekundu
na chini yake mstari mweupe,
chaki ya fundi cherehani.

Nikaona haya.
Nimezaliwa Muheza, nikakulia Muheza,
na ndege ninaowajua ni kuku, kunguru,
na ile iliyonileta.

Kitabu chake kina ndege mia mbili na kumi na mmoja
aliowatilia alama ya penseli. Huyu hayumo.
Nikampigia shangazi Mwanamkasi, Magoroto.
"Rangi niachie," akasema. "Rangi hata mtalii huziona.
Anatembeaje?"
Anakimbia juu ya tawi, shangazi, kama kindi mwenye madeni.
"Na akikunjua bawa?"

Tukangoja. Chai ikapoa.
Lori la samaki likapita, likarudi.
Akaruka hadi paa la gereji
na lo!
nyekundu ya ulimi wa mtoto
aliyekana kuwa kala ubuyu.

Nikatoa simu dirishani.
Ndege akakwaruza koo, mara moja, mara tatu,
na huko Magoroto mtu akacheka peke yake:
"Kulukulu! Jina anajiitia mwenyewe.
Kafikaje huko, na baridi hiyo?"

Bi Winifred akataka herufi moja moja.
Akaandika pembezoni, karibu na shomoro,
mkono ukitetema kwenye kila *u*.
Ikabaki safu ya mwisho:
mkazi, mhamiaji, mpita njia, mtoro wa kizimbani?
Penseli ikasimama hewani. Akanitazama.
Fomu ya namna hiyo nimeijaza mara nne,
ya tano imo mkobani.
"Iruke hiyo," nikamwambia.

"Mpeni papai," shangazi alisema kabla salio halijakata.
Nikanunua moja, pauni tatu, gumu kama goti.
Tukaliweka dirishani.
Siku nne likawa linaiva polepole juu ya kipasha joto,
mtufaa ukiwa mtupu, mvua ikija kwa ubavu.

Siku ya tano Bi Winifred
akaomba kijiko.