Ilani kwa Wikio

Kifungu cha pili, Tafsiri ya Maneno:
"jengo" ni kitu chochote chenye kuta, sakafu na paa,
kilichosimama juu ya kiwanja chenye nambari.
Nimekichapa mwenyewe, nakala ishirini,
mashine ya ofisi ikikosa wino kwenye herufi k,
hata "kiwanja" likatoka "iwanja".

Asubuhi ile nilitumwa Mkomani na bahasha:
Kwa Mmiliki au Mkaazi. Boriti tatu zimeoza.
Unatakiwa kukarabati, kwa gharama zako,
kabla ya siku thelathini kwisha,
bila kuathiri haki nyingine yoyote ya Serikali ya Kaunti.

Bi Shekuwe alinisogezea kiti.
Akaniambia nisome polepole, si kwa sauti ya ofisi.
"Mmiliki ni nani?"
Mwenye hati, nikasema.
"Na mkaazi?"
Anayelala ndani.
Akanyosha kidole juu,
pale chumba kinapovuka njia hewani,
mguu mmoja kwenye ukuta wake,
mguu mmoja kwenye ukuta wa kina Skanda.
"Haya. Mle hulala popo."

Ukuta ule wa pili una warithi kumi na saba.
Mmoja Maskati, wawili Kisauni,
mmoja haijulikani kama yu hai,
na mirathi haijagawanywa tangu senti zilipokuwa na tundu.
Sheria inawaita "wamiliki kwa pamoja".
Kwa pamoja! Hawajaonana tangu tanga la bibi yao.

Lali Famau, fundi, alikuja na msumari wa inchi nne,
akaudidimiza kwenye boriti
ukazama hadi kichwa
bila nyundo.
"Uchakavu wa kawaida au uzembe?" nikamuuliza,
maana fomu inataka kimoja, alama ya vyema.
Akanusa ule unga mwekundu.
"Mchwa. Andika mchwa."
Hakuna kisanduku cha mchwa.
"Basi andika mai. Mai ya mvua yamengia pale juu,
saruji yenu ya mwaka wa yana imeyafungia ndani.
Chokaa hupumua, bwana. Saruji haipumui."
Hakuna kisanduku cha kupumua.

Nikarudi kwenye Tafsiri ya Maneno.
Kuta: mbili, za wengine.
Sakafu: ipo, lakini chini yake hakuna kiwanja,
pana ndia ya watu, watoto wa chuoni,
punda wenye magunia ya mchanga.
Kwa hiyo wikio si jengo.
Kwa hiyo haliwezi kuoza, kwa mujibu wa kanuni.
Na vumbi lake likanidondokea kwenye kola.

Bi Shekuwe alicheka mpaka akashika ubavu.
Mle ndimo mamake alimolala siku arubaini za uzazi,
na mtoto mwenyewe ndiye yeye.
Alizaliwa, kwa hesabu zangu,
nje ya kila nambari ya kiwanja,
juu ya barabara ya umma,
bila kibali.

Wikio halina mlango wa kubisha.
Nikapanda ngazi ya Lali
nikaibandika ilani kwenye boriti ya kati.

Siku ya thelathini na moja nilirudi kukagua.
Mchwa walikuwa wameanza na neno "mmiliki",
wakaacha "au", wakaacha tarehe.
Chini yake zilisimama gadi mbili mpya za mkandaa,
magome bado yananuka tope.
Nani ameziweka? nikauliza.
Bi Shekuwe alikuwa anaosha birika.
Lali alikuwa anatazama kwingine.
Na kijana mmoja wa kina Skanda, wa kule Kisauni,
alikuwa amekaa barazani, viganja vina malengelenge,
hajui hata nyumba yao ina vyumba vingapi.

Kwenye fomu, pale pa "Aliyetekeleza Amri",
niliandika: wenye kupita chini yake.
Mkubwa wangu ameyazungushia maneno hayo duara jekundu.
Anataka nambari ya kitambulisho.