Umekula Nini Leo?

Saa tatu usiku, Gateshead, watoto wamelala,
naegemeza simu kwenye mfuko wa unga
naanza kuuza achari ya malimau
mbele ya watazamaji watatu:
dada yangu wa Korogwe, anayesinzia;
simu yangu ya pili, nimeificha chini ya mto;
na mtu asiye na picha, jina lake herufi na tarakimu,
anayeingia na kutoka kama paka wa jirani.

"Chupa pauni sita," nasema. "Chupa pauni sita."
Natabasamu hadi mashavu yanauma.
Binti yangu Shemsa, miaka kumi na mmoja, kanifunda:
Mama, taa iwe usoni. Mama, usisome karatasi.
Mama, unaongea kama tangazo la msiba redioni.

Miezi mitatu nikazungumza na ukuta.
Biashara asubuhi, jioni mahesabu,
na jioni mimi nilihesabu chupa zilezile,
ishirini na mbili, dirishani,
njano kama taa za barabara ya Bensham.

Kisha ile Alhamisi ya mvua ya mawe.
Nimemwaga uwatu kwenye mafuta, moto umezidi,
king'ora cha moshi kikalia juu ya utosi wangu
kama kimetumwa na mwenye nyumba.
Nikapanda kiti, kanga mkononi, nikapepea dari,
nikakitukana kwa Kisambaa, matusi ya bibi yangu,
yale ya kufukuzia nyani shambani,
nikasahau kabisa kwamba simu inatazama.

Niliposhuka walikuwa arobaini na wawili.
Mmoja wa Cardiff: Changu nimekivika kofia ya kuogea.
Mwingine: Dada, uwatu huungua upesi. Kwenu hamjui?
Nikajibu: Kwetu wanajua, mimi ndiye sijui.
Usiku ule sikutaja pauni sita.
Nilivuta kiti, moshi bado machoni, nikauliza:
umekula nini leo?

We! Kama nimefungua bomba.
Wali wa jana, nimesimama. Chipsi na chipsi.
Maharage ya kopo, usimwambie mama yangu.
Sijala, niko zamu.

Huyu wa zamu ndiye yule asiye na picha.
Mkawasi, muuguzi, wodi ya wazee, Aberdeen.
Nikamtumia chupa bila bei.
Mume wangu akasema: Hivyo ndivyo watu wanavyofilisika.

Aliila saa kumi alfajiri na mkate mkavu,
akajipiga picha, macho mekundu, kidole mdomoni.
Picha ile iliuza chupa mia moja na kumi.
Wala sikuiomba.

Sasa nina lebo. Jiko limekaguliwa na halmashauri.
Posta, yule mama wa dirisha la pili
hunusa kifurushi kabla ya kukipima.
Nina wafuasi elfu tisa,
na mahali fulani kati ya elfu ya kwanza na ya tisa
niliacha kuuliza.
Nikawa nasema "wapendwa wangu"
kama mtu anayegombea ubunge.

Jana, nikitafuta anwani ya mteja, nikaona:
Mkawasi hajaandika neno tangu Machi.
Mioyo myekundu inapanda kiooni kama povu la sufuria,
nani angejua mmoja umekosekana?

Nikamwandikia pembeni, peke yake.
Si punguzo la bei, si ladha mpya ya pilipili.
Maneno matatu na alama ya kuuliza.
Nikaosha sufuria. Nikakata malimau kilo nne.
Usingizi ulikataa, nikakata na ya tano.

Saa kumi alfajiri simu ikatetemeka mezani.
Picha: chupa yangu, ile ya kwanza kabisa,
imeoshwa, haina kifuniko, ndani kijiko kimoja.
Chini yake:
Nilikuwa Wundanyi. Tumemzika mama.
Sijala.

Nikawasha jiko.
Ila kwanza nilifungua dirisha,
king'ora kile nakijua.