Juu na Chini ni Wetu

Ilmo, mtoto wa kaka yangu, aliniachia padi hii
alipohamia Oulu kusoma. Kitufe kimoja kinanata:
alikimwagia soda akiwa na miaka kumi na mitatu.
Akanifunza akiwa amesimama, koti begani, basi linamngoja:
Shangazi, kulia na kushoto ni maadui.
Juu na chini ni wetu.
Usichanganye.

Nikachanganya.
Usiku wa kwanza nilimponya joka.
Joka zima na magamba yake, lilikuwa linakata roho,
nikalimiminia nuru yangu yote,
nalo likainuka, likajinyoosha, likatumaliza wote wanane.
Yule mwenye ngao, mtu wa Porto,
aliandika alama ya kuuliza. Moja tu.
Afadhali angenitukana.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama kiwandani
kwenye mashine ya kukatia karatasi.
Mikono hii inajua visu vilipo hata gizani.
Lakini kidole gumba cha kushoto
hakikuwahi kuulizwa: huyu ni nani kwako?

Kemi, Januari. Jua huchungulia mchana
kama mdai aliyekosea mlango, likarudi zake.
Kiwanda kimefungwa. Nina muda wa kujifunza.

Gusa mara moja: kishale kinamrukia aliye karibu,
na aliye karibu si lazima awe ndiye.
Mapepo yakikuzunguka kumi na mawili
kidole hupita huyu, huyu, huyu,
kikampita unayemtaka,
ikakubidi uzunguke upya kama abiria aliyepitilizwa kituo.
Kwa wetu ni rahisi zaidi. Majina manane, moja chini ya jingine,
na uhai wa kila mtu umechorwa mstari wa kijani.
Sitazami tena nyuso, natazama mistari.
Wa tatu ni Sauerteig, mwoka mikate wa Leipzig,
huingia kabla tanuri halijashika moto
na daima ndiye wa kwanza kufa.
Tatu chini, ponya. Moja juu, ponya.
Tano chini — hapana, nne. Nne!
Samahani, Sauerteig.

Tena kuna kitufe cha kukaza.
Ukishakaza, jicho halibanduki kwa adui huyo
hata akimbie, hata ajifiche nyuma ya nguzo.
Nilikipenda kitufe hicho kuliko vyote.
Nilimkazia mchawi mmoja daraja zima,
nikamfuata, nikamchoma kwa fimbo yangu dhaifu ya tabibu
mpaka akaanguka. Nikageuka nishangiliwe.
Nyuma yangu walikuwa wamelala saba,
mistari yao mieupe kama karatasi isiyoandikwa.

Nilizima mashine. Nikakaa na birika la kahawa iliyopoa
nikamfikiria Tauno Vesala.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema,
na Tauno alivaa nguo zetu hizihizi, ovaroli la buluu,
siku aliyotia sahihi kwa niaba yetu.
Miaka mitatu nimemkazia.
Nikimwona dukani, nabadili ujia.
Sijui nani walianguka nyuma yangu wakati huo.
Ndiyo, najua. Kaarina. Pengine na kaka yangu.

Jumamosi nikamkuta nje ya duka, kwenye barafu,
mfuko umempasukia, viazi vimetawanyika,
naye ameinama, mkono mmoja kiunoni.
Chini ya miguu yake hapakuwa na duara jekundu.
Juu ya kichwa hapakuwa na mstari wa kijani.
Theluji tu kwenye nyusi.
Ndani ya glavu kidole gumba kikaanza chenyewe:
kushoto. Kushoto. Juu.
Chini, chini,
kinapekua orodha, na kile kitufe kinanata.

"Panateleza," alisema, hakuniangalia.

Kiazi kimoja kilikuwa kimefika kwenye kiatu changu.

"Panateleza," nikasema.